Dawa ya Kushikisha Plasta

Falaile alijua kwa nini plasta ya tangi la kisiwa ilibanduka. Alijua kwa miaka mitano, na katika miaka hiyo yote hakumwambia mtu.

Tangi lenyewe lilikuwa chini ya sakafu ya ukumbi wa mikutano: chumba kirefu cha zege, kina chake kupita kimo cha mtu, kilichojengwa enzi za babu zao kupokea maji ya mvua kutoka paani. Kila nyumba ilikuwa na tangi lake la plastiki uani, lakini hayo yalikuwa ya siku za neema. Kiangazi kikichachamaa, kisiwa kizima kilinywa kutoka ukumbini. Ndiyo maana kuta zake zilipoanza kuvuja, miaka minane nyuma, baraza lilimwita fundi Semese azipige plasta mpya kwa ndani, juu ya zege ile ya zamani.

Semese alikuwa mume wa Sagaa, dada mkubwa wa Falaile. Ufundi alijifunzia kwenye kisiwa cha Nauru, siku za machimbo ya fosfeti ya mbolea, akarudi na mwiko wake na sifa yake, na maneno machache kama mtu anayeyanunua. Plasta yake ilisimama miaka miwili. Wa tatu haukuisha kabla haijavimba hapa na pale, kisha ikabanduka vipande vipana kama mkate mkavu, ikalala chini ya maji. Watu walishuka na tochi, wakatazama, wakapanda juu na hukumu mkononi: mchanga. Semese amechota mchanga upande wa bahari kuu, hakuuosha ukatakata, chumvi imekula saruji. Mzee Penitusi, ambaye utani ukimfika kinywani hawezi kuumeza, alimpachika jina la Bwana Magamba, na jina hilo lilishika kuliko plasta yenyewe.

Semese hakujitetea. Mchanga aliuosha, na alijua aliuosha. Lakini mtu akiambiwa jambo moja na kisiwa kizima, asubuhi na jioni, mwisho huanza kujiuliza. Mwaka wa kwanza alisema, "Niliuosha." Mwaka wa pili akasema, "Pengine haukutosha." Mwaka wa tatu hakusema kitu. Mwiko aliuchomeka kwenye makuti ya jiko, akawa mtu wa kugema tembo na kulisha nguruwe.

Sasa, habari za dumu.

Wakati ule wa plasta ya kwanza Falaile alikuwa Funafuti, kisiwa cha mji mkuu, anauza kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Semese alimpigia simu asubuhi ya siku ya meli.

"Shemeji, nataka ile dawa ya kushikisha plasta mpya kwenye ukuta wa zamani. Madumu matatu."

"Zipo aina mbili, shemeji. Zote nyeupe kama maziwa."

"Nzuri ipi?"

"Mimi muuzaji tu. Nauru mlikuwa mnatumia ipi?"

"Nauru tulikuwa tunachonga ukuta na kuupaka uji wa saruji, basi. Hii ya madumu nimeisikia kwa watu. Wewe ndiye uko dukani, chagua wewe. Meli inaondoka saa sita."

Falaile alikwenda kwenye rafu. Dumu la kwanza lilikuwa na maandishi mengi madogo na halikuwa na picha. La pili lilikuwa na picha ya mkono ulioshika mwiko mbele ya ukuta, na chini yake maneno makubwa: plasta, saruji, vigae, kuta za zamani. Nyuma kulikuwa na maandishi mengine. Hakuligeuza. Bandarini honi ilikuwa imeshalia mara moja. Akachukua madumu matatu yenye picha, akayapeleka melini kwa toroli, akarudi kula chakula chake cha mchana, na hakuliwaza jambo hilo tena.

Alikuja kuliwaza miaka mitatu baadaye, habari za plasta kubanduka zikiwa zimeshamfikia, siku alipofika dukani fundi mmoja wa Kifiji, Viliame, mtu mnene wa kicheko, akiulizia dawa ya kushikisha plasta. Falaile akamletea dumu lenye picha.

"Mama, unataka kuniulia watu?" Viliame akacheka. "Mimi najenga tangi la maji, wewe unanipa gundi?"

"Imeandikwa plasta."

"Plasta ya sebuleni. Ya chumba kikavu. Tazama." Kwenye mdomo wa dumu kulikuwa na tone lililokwisha kukauka, limeng'aa kama kioo. Viliame akachovya kidole kwenye kikombe cha chai yake, akalisugua tone lile taratibu huku anapiga soga, mpaka likawa jeupe tena na kuvutika kama kamasi. "Umeona? Ikikauka inakuhadaa. Ikikutana na maji, inarudi kuwa maziwa. Ukiitumia tangini ni sawasawa na kubandika plasta kwa uji wa mtoto. Nipe yale mengine, maziwa ya mpira. Yale yakishakauka, maji hayayarudishi nyuma."

Falaile alicheka naye, akamuuzia maziwa ya mpira, akamwandikia risiti. Alipotoka, alikaa juu ya mfuko wa saruji mpaka mteja mwingine alipogonga kaunta.

Alikusudia kusema. Wiki ile mama yao aliugua, haukuwa wakati. Mwezi uliofuata Sagaa alimpigia simu akilia kwamba Semese hataki tena kwenda hata kanisani, na huo nao haukuwa wakati. Kisha neno likawa limekaa mno, likazidi kuwa zito kama mkeka uliosahauliwa mvuani, na kila aliposhika ncha yake auinue, aliuona haunyanyuki. Miaka mitatu baadaye alirudi kisiwani kumuuguza mama, akamzika, akabaki. Wanawake wakamchagua msimamizi wa maji.

Miaka miwili baada ya kurudi kwake, mvua zilikata mwezi wa sita. Kufika mwezi wa tisa matangi ya nyumbani yalitoa mlio mtupu, na lile la ukumbini likabaki na tope kiasi cha kufunika kisigino. Serikali ilileta mashine ya kuondoa chumvi kwenye maji ya bahari. Ikawa inanguruma gatini mchana kutwa, na Falaile akawa anagawa ndoo mbili kwa nyumba kwa siku, awe mchungaji, awe nani. Baraza likakaa. Kwa kuwa tangi ni tupu, wakasema, huu ndio wakati wa kulitengeneza. Mafundi wengine wawili wa kisiwa walikuwa baharini kwenye meli za Wajerumani. Wakamwita Semese.

Alikuja, akakaa karibu na nguzo ya mwisho. Walipomaliza kumweleza, alitazama mikono yake.

"Nitafanya," akasema. "Lakini safari hii mchanga nitauosha mara saba. Na kila mara kwa maji matamu. Saruji iwe mpya. Dawa ya kushikisha iwe ile ile ya zamani, ile haikuwa na kosa."

Iakopo, karani wa baraza, akaandika: gundi nyeupe, madumu manne.

Falaile alikuwa amekaa na wanawake, daftari la maji mapajani. Alifungua kinywa. Mzee Penitusi akamtangulia. "Mara saba! Bwana Magamba, mchanga utatoka umekuwa unga wa ngano!" Ukumbi ukacheka, na Falaile akafunga kinywa.

Kesho yake asubuhi alikwenda ofisini kwa Iakopo.

"Ile dawa uliyoandika ibadilishwe," akamwambia. "Iwe maziwa ya mpira."

"Kasema fundi?"

"Nasema mimi. Nimeuza vitu hivi miaka kumi na moja."

"Mama Falaile, na mimi nimeuza samaki, lakini siwezi kumwambia samaki aogelee vipi." Iakopo hakuwa mtu mbaya, ila aliogopa karatasi. "Mlete Semese aseme mwenyewe, nabadilisha sasa hivi."

Hakumleta. Jioni ile alimpigia Lotoala, mwenzake wa zamani dukani, aliyekuwa bado kwenye kaunta ile ile.

"Oda ya kwetu imefika?"

"Imefika. Madumu manne ya gundi."

"Karani amekosea. Weka maziwa ya mpira."

"Nani anabadilisha? Lazima niandike jina."

"Andika langu."

Akakata simu, akaona moyo umetua. Tangi litashika. Semese atarudishiwa heshima yake. Nani ameumia? Hivyo ndivyo alivyojiambia, na mtu akijisemesha mwenyewe hakosi wa kumkubalia. Lakini usiku hauna haraka, na kabla hajalala alikwisha kuliona lile alilokuwa analikwepa: plasta ikishika, Semese atasema ni kwa sababu ya mara saba. Atakufa akiamini kwamba mara ya kwanza alikuwa mzembe.

Siku ya tatu Semese alikuja na toroli kwenye mashine ya maji.

"Shemeji, nahitaji maji ya kuoshea mchanga. Baraza limeniruhusu."

"Ndoo ngapi?"

"Kama arobaini. Nitakwenda kidogo kidogo."

Nyuma yake mstari wa wanawake ulikuwa umesimama na ndoo zao. Mmoja akasema kwa sauti, asikike, kwamba yeye ana mtoto mchanga na nepi za siku mbili, na mchanga wa Semese unaoga kuliko mtoto wake. Semese aliinama kana kwamba amechapwa. Falaile akajaza ndoo ya kwanza, akatia alama daftarini. Akajaza ya pili.

Alimpimia siku nne mfululizo. Kila alipopita nyuma ya ukumbi alimkuta shemeji yake amepiga magoti kwenye bati, anakoroga mchanga kwa mikono, anamwaga, anaonja maji kwa ncha ya ulimi, anakoroga tena.

Meli ilifika Ijumaa. Mizigo ilishushwa kwa mashua, saruji ikafunikwa turubai, na Semese akaenda kwanza kwenye madumu. Alilizungusha moja, akalirudisha.

"Si hii."

"Dawa ni dawa," Mzee Penitusi akasema, aliyekuja kuangalia tu kama kawaida yake.

"Si hii. Hii siijui. Mimi sitii mkono kwenye kitu nisichokijua, halafu mwaka wa tatu niambiwe tena." Akalisukuma dumu kando kwa mguu. "Irudishwe. Nitangoja meli ijayo."

Meli ijayo ilikuwa wiki tano mbele, na mvua, kama zingekuja, zingekuja kabla yake. Iakopo akatoa karatasi za mzigo haraka. "Mimi niliandika ulivyosema! Ona, hii hapa nakala yangu. Huko Funafuti ndiko walikobadilisha, pana jina la..." Akasoma, akaacha kusoma.

"La nani?"

"La Mama Falaile."

Semese akageuka. Hakuwa na hasira, alishangaa tu. "Shemeji?"

"Njoo tangini," Falaile akasema. "Wewe peke yako. Nakuja na maji kidogo na kitambaa."

Walishuka kwa ngazi. Ndani mlikuwa na joto na harufu ya udongo, na mwanga uliingia kwa mlango wa juu peke yake. Vipande vya plasta ya zamani vilikuwa bado vimeegemezwa ukutani. Falaile akachukua kimoja, akakigeuza upande uliokuwa umeshika zege. Ulikuwa laini, una utando unaong'aa. Akaulowesha kwa kitambaa, akaufunika, akangoja. Wote wawili walingoja. Kisha akafunua, akasema, "Tia kidole."

Semese akatia. Utando ukajikunja mbele ya kidole, mweupe, unateleza. Akakinusa kidole. Akaenda ukutani kwenyewe, akalowesha mahali, akangoja tena peke yake bila kuambiwa, akasugua, akaona kitu kile kile.

"Kumbe haikuwa mchanga," akasema.

"Haikuwa mchanga. Ilikuwa dumu. Niliyechagua ni mimi. Yalikuwa mawili, nikachukua lenye picha. Nyuma palikuwa na maandishi, sikuyasoma."

"Ulijua lini?"

"Miaka mitano sasa."

Semese aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Kuchagua vibaya si neno," akasema mwishowe. "Lenye picha hata mimi ningelichukua. Lakini juzi niliosha mchanga mara saba. Ulinipimia maji wewe mwenyewe."

"Nilikupimia."

"Ndoo arobaini."

"Arobaini na mbili."

"Na ulikuwa unatia alama." Akasimama, akajipangusa magoti. "Utasema ukumbini. Si kwa ajili yangu, mimi nimeshazoea. Yule mama mwenye mtoto mchanga ajue maji yake yalikwenda wapi."

Falaile alisema Jumamosi, amesimama, daftari la maji limefungwa mbele yake. Alisema kwa maneno machache, kwa sababu alijua akiongeza moja atalia, na akilia watamhurumia yeye badala ya Semese. Alisema habari za dumu, za Viliame, za simu ya siri, za ndoo. Alipomaliza aliliweka daftari mbele ya mwenyekiti.

Sagaa ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema, na hakusimama. "Mdogo wangu, nilikulilia kwenye simu. Nilikwambia mume wangu hatoki ndani. Wewe ukaniambia nimpikie supu." Kutoka siku ile hakumsemesha Falaile mpaka mwaka mpya ulipokwisha kuingia.

Mzee Penitusi aliinuka taratibu. "Basi mimi nimemtukana mtu miaka mitano kwa kosa la dumu," akasema. Akafikiri. "Na ubaya wake, jina lilikuwa zuri." Wachache wakacheka. Semese hakucheka, na Penitusi, kwa mara ya kwanza katika kumbukumbu ya watu, alikaa chini bila kuongeza neno. Jumatatu alfajiri alikuwa tangini na nyundo na patasi, mzee wa miaka sabini, anachonga ukuta.

Daftari lilikwenda kwa mwanamke mwingine. Kuhusu dawa, baraza lilisema Semese ndiye ataamua, na Semese hakuwa na haraka. Neno la shemeji yake sasa lilikuwa na nyufa. Hakutaka kujenga juu yake. Alivunja vipande vitatu vya zege kutoka ukingo wa tangi, akavichonga uso mpaka kokoto zikaonekana, akavilowesha. Cha kwanza alikipaka uji wa saruji mtupu, kama Nauru. Cha pili alikipaka uji wa saruji uliokorogwa kwa maziwa ya mpira, akakipiga plasta papo hapo. Cha tatu alikipaka vile vile, lakini akakiacha kikakauka kabla ya plasta, kwa sababu alitaka kujua uvivu unagharimu nini. Akavifunika kwa gunia bichi siku nne, akavitumbukiza kwenye ndoo ya maji ya bahari siku nne nyingine.

Watu walikasirika. Mawingu yalikuwa yameanza kukaa upande wa magharibi. Iakopo alikuja mara mbili kuuliza.

"Mlingoja miaka minane," Semese akamjibu, "siku nane zitawaua?"

Siku ya tisa alivitoa, akavipiga kwa patasi mbele ya kila aliyetaka kuona. Cha tatu kiliachia kwa pigo moja, plasta ikatoka nzima, safi kama kifuniko. Cha kwanza kilishikilia, kikaachia baada ya mapigo sita pale pale kwenye kiungio. Cha pili hakikuachia kiungio kabisa. Zege ya babu zao ndiyo iliyovunjika, na plasta ikabaki imeng'ang'ania kipande chake.

"Maziwa ya mpira," akasema. "Lakini yasikauke. Yakikauka ni kama kupaka mafuta."

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Gundi ya zamani ilibidi itoke yote, maana dawa mpya ingeshika gundi, na gundi ingeuachia ukuta. Wanaume walichonga, wanawake walisugua kwa brashi za waya na maji ya bahari, kisha wakasuuza kwa maji matamu kidogo waliyopewa. Vumbi liliwafanya wote kuwa wazee. Ukuta ulipokuwa mkwaruzo mtupu, Semese aligawa watu: wawili wanalowesha, mmoja anapaka uji, yeye na Penitusi wanafuata na plasta. Mpakaji uji awe mtu makini, akasema, anayejua kusoma kitu mpaka mwisho. Kisha akampa Falaile brashi bila kumtazama.

Joto la mle ndani lilikausha uji upesi kuliko walivyodhani. Falaile alijifunza kupaka eneo la mikono miwili tu, asiongeze mpaka mwiko umfikie. Siku ya tano Sagaa ndiye aliyekuwa analowesha. Aliruka sehemu moja, na Falaile, badala ya kumwambia, aliona haya kumwanza kwa neno, akapaka juu ya ukavu. Semese alifika na karai, akagusa kwa mgongo wa kidole.

"Hii imekufa. Kwangueni."

"Ni padogo tu," Sagaa akasema.

"Maji hayajui padogo. Kwangueni, na mwongee. Kununa mkanunie nyumbani."

Wakakwangua, bega kwa bega. Hawakuongea, lakini tangu hapo Sagaa alipomaliza kulowesha alikuwa anagonga ukuta mara mbili kwa brashi, na Falaile akajua maana yake ni tayari.

Plasta ilikamilika siku ya kumi na sita. Waliitandazia magunia mabichi wiki nzima, wakasafisha, wakafungulia mifereji ya paa. Mvua ilichelewa siku kumi zaidi, watu wakanung'unika kwamba fundi angeweza kupima vipande vyake kumi vingine, kisha ikaja kwa nguvu na haikukata siku tatu. Maji ya mwanzo yalimwagwa. Baada ya hapo tangi likajaa mpaka alama ya juu, na maji yakawa yanashuka chini ya alama hiyo kwa kadiri ya ndoo zilizochotwa tu.

Mwaka uliofuata, tangi liliposhuka nusu, Semese aliingia na tochi na mpini wa patasi, akagonga ukuta hatua kwa hatua, sikio limekaribia. Alipata mahali pamoja palipolia utupu, pana kama kiganja, karibu na kona. Akapazungushia alama ya mkaa. Alipotoka aliwaambia watu kila kitu, na mahali pale hasa. Hakuna aliyecheka. Penitusi alijaribu kuanza, mkewe akamkanyaga mguu.

Sagaa alikuwa ameshaanza kumsemesha mdogo wake, kwanza habari za nguruwe, baadaye habari za mama yao. Semese alimsalimu kila siku, akamwomba chumvi, akamletea tembo tamu kama anavyowaletea wengine. Kuhusu miaka ile mitano hakusema kwamba amesamehe, na Falaile hakuuliza.

Mwezi wa nne mchungaji alitaka bafu lake litengenezwe. Semese alikwenda kuliangalia, akarudi kwa njia ya nyumbani kwa Falaile, akamkuta anamenya magimbi.

"Kuta za bafu zimepakwa rangi ya mafuta," akasema, amesimama mlangoni. "Mchungaji anasema nipige plasta juu kwa juu, madumu yaliyobaki yanatosha. Wewe unaonaje?"

Falaile aliweka kisu chini. "Rangi imeshika?"

"Mahali pengine imeshika. Mahali pengine naivua kwa ukucha."

"Dawa itashika rangi, sawa. Rangi isiposhika ukuta, tutakuwa tumeshikisha nini?"

"Hivyo ndivyo nilivyomwambia. Akasema nitamharibia wiki mbili."

"Mwambie wiki mbili."

Semese akatikisa kichwa kukubali. Aliegemea mwimo wa mlango kidogo, kama mtu anayetafuta neno jingine na hajaliona. "Brashi za waya ziko kwako au kwa Iakopo?"

"Ziko kwangu."

"Basi zilete kesho. Tutaanzia upande wa dirisha."

Akaondoka. Falaile alimaliza magimbi, akayateleka jikoni, kisha akaingia uvunguni kuzitafuta brashi.